Ugonjwa Adimu Hujificha Nyuma ya Ule wa Kawaida

Asubuhi moja bibi mmoja kutoka kijiji kilicho ng'ambo ya Marafa aliingia katika chumba changu cha matibabu mjini Malindi, akiwa amemshika mkono mjukuu wake wa miaka 6. Shavu la kulia la mtoto lilikuwa limevimba hata jicho likaanza kusukumwa juu. Kabla sijauliza neno, bibi alifungua fundo kwenye pindo la leso yake, akaweka mezani meno 3 ya mtoto na karatasi 4 za matibabu zilizokunjwa hadi zikaanza kukatika.

"Daktari mwanangu," akasema, "meno tumeng'oa na uvimbe hauendi. Sasa tung'oe nini?"

Nilizipanga karatasi zile kwa tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya majuma 5 nyuma: jino bovu, dawa ya maumivu. Ya pili: jino limeng'olewa, dawa ya kuua viini. Ya tatu ikang'oa meno 2 zaidi. Ya nne ikabadilisha dawa ya kuua viini. Kila karatasi ilitoka mahali tofauti na hakuna hata moja iliyotaja nyingine. Kila aliyemwona mtoto yule alimwona kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na akafanya lile ambalo mtu mwenye busara angelifanya mara ya kwanza.

Kisha nikayatazama meno yenyewe. Yalikuwa meupe, mazima, hayana tundu wala doa. Meno yale hayakuwa na kosa lolote. Yalikuwa yakicheza kwa sababu mfupa uliokuwa umeyashika ulikuwa ukiliwa kutoka ndani.

Juma hili nataka tuzungumze juu ya magonjwa adimu, yale ambayo daktari anaweza kufanya kazi miaka 20 na kuyaona mara chache au asiyaone kabisa. Watu wengi hudhani kwamba magonjwa haya hayagunduliwi kwa sababu hatuna mashine kubwa kama zile za Ulaya. Mashine zinahitajika, sikatai. Lakini maoni yangu, baada ya miaka ya kutibu watu wa pwani hii, ni kwamba aghalabu hatufiki hata mahali pa kuhitaji mashine. Tunashindwa mapema zaidi. Hakuna anayeikusanya hadithi ya mgonjwa mahali pamoja na kujiuliza mbona haiendi kama ilivyotarajiwa.

Daktari wa Mulago na ramani yake

Ugonjwa wa mtoto yule ni saratani iitwayo uvimbe wa Burkitt, na habari ya kugunduliwa kwake ni ya hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto aliyevimba taya pande zote. Burkitt hakuelewa. Jipu la jino halivimbishi pande zote kwa pamoja. Haukupita muda mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine wa namna ile ile. Huyu alipopimwa alikuwa pia na uvimbe tumboni.

Kabla ya hapo madaktari wengi walikuwa wamewaona watoto wa aina hii. Mmoja aliandika saratani ya taya, mwingine akaandika ya figo, mwingine ya ovari. Burkitt alifungua mafaili ya zamani akaona kwamba huo ni ugonjwa mmoja uliokuwa umepewa majina mengi. Alichapisha maelezo yake mwaka 1958.

Hakuwa na maabara kubwa. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za Afrika akiuliza, "Je, mmewahi kuona kitu kama hiki?" Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake 2 walisafiri kwa gari kukuu kutoka Uganda hadi kusini mwa bara, majuma 10, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Majibu aliyatia katika ramani. Ramani ikaonyesha kwamba uvimbe ule hupatikana katika nchi za joto na mvua, ukanda wetu wa pwani ukiwa ndani yake, na haupatikani sana nyanda za juu. Lakini Zanzibar na Pemba, penye joto na mvua vile vile, ugonjwa ulikuwa haba. Huko malaria ilikuwa imepigwa vita ikapungua. Leo tunajua kwamba malaria inayomrudia mtoto mara kwa mara, pamoja na virusi vilivyogunduliwa London mwaka 1964 na Anthony Epstein na wenzake, ndivyo vinavyoandaa njia ya saratani hii.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja. Ugonjwa huu haukugunduliwa na mtu mwenye mashine kuliko wenzake. Aligundua aliyekataa jibu lisilotosha, kisha akauliza wengi na kuyaandika majibu.

Deni langu

Nasema hivi nikiwa na deni. Miaka mingi iliyopita, nikiwa daktari mchanga, nililetewa msichana wa miaka 7 mwenye tumbo lililojaa. Nilidhani ni minyoo, kisha nikadhani ni bandama lililovimba kwa malaria. Nilimpa dawa, nikamwambia mama yake amrudishe baada ya majuma 2.

Uvimbe wa Burkitt huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mama alirudi siku ile ile niliyomwambia. Nilipompeleka mtoto hospitali kubwa, figo zilikuwa zimekwisha kushindwa, na hakupona. Mara nyingi sisi madaktari husema wagonjwa wanachelewa kuja. Mama yule hakuchelewa. Aliyechelewa ni mimi.

Uchungu wake ni kwamba hii ni miongoni mwa saratani zinazosikia dawa upesi kuliko karibu zote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini kuna maradhi ambayo hayakufichwa na mtu. Yaliletwa hadharani, yakawekwa juu ya meza ya daktari, na daktari akayapa jina la jirani yake.

Farasi wa kwetu ni malaria

Katika shule za udaktari wanafunzi hufundishwa usemi uliotoka Marekani, unaotajwa kuwa wa Dkt Theodore Woodward wa Maryland katika miaka ya 1940. Husema kwamba ukisikia kishindo cha kwato, fikiria farasi kwanza, usikimbilie punda milia. Maana yake, anza na ugonjwa wa kawaida. Ni shauri jema. Daktari anayeona ugonjwa adimu katika kila kikohozi atawamaliza watu pesa kwa vipimo na kuwatia hofu bure.

Lakini usemi ule ulitungwa mahali penye farasi wengi. Ukitoka Marafa ukaelekea magharibi hadi mbuga ya Tsavo, utangoja sana kabla ya kumwona farasi. Kila nchi ina farasi wake, na farasi hubadilika.

Farasi wetu kwa miaka mingi amekuwa malaria. Mtoto akipata homa, malaria. Akitapika, malaria. Akipata degedege, nyumbani tutasema nyuni, hospitalini tutasema malaria ya kichwani. Lakini watafiti walioko Kilifi tangu 1989 walionyesha kwamba watoto wanaolazwa kwa malaria hapa walipungua sana kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000. Utafiti mwingine wa hapo hapo Kilifi, uliochapishwa mwaka 2005, ulionyesha kwamba takriban robo ya vifo vya watoto hospitalini viliambatana na bakteria katika damu, jambo ambalo halionekani bila kuotesha damu maabara. Na katika hospitali 2 za Moshi, Tanzania, wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa walichunguzwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2013. Waliokuwa wameandikiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Baadhi ya waliobaki walikuwa na bakteria katika damu, au maradhi yatokayo kwa wanyama kama vile brusela na leptospira.

Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linataka kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza kabla ya kupewa dawa. Vipimo vipo, hata katika zahanati ndogo. Lakini nimeona mara nyingi kipimo kikisema hakuna malaria, na mgonjwa akaondoka na dawa ya malaria mkononi, kwa sababu hakuna aliyekuwa na jina jingine la kumpa. Usinifahamu vibaya: malaria ingali inaua. Ninalosema ni kwamba ikiwa kipimo kimekataa na dawa imeshindwa, kushikilia jina lile lile si tahadhari tena. Ni mazoea.

"Hakuna aliyeniuliza"

Nikupe mfano mwingine. Kijana wa miaka 11 alitahiriwa katika likizo ya Desemba. Siku ya 4 kitambaa kilikuwa bado kinalowa damu. Alishonwa mara 2, na bado. Aliyemtahiri akalaumiwa kwamba mkono wake mbaya, na nyumbani watu wakaanza kumtazama jirani fulani kwa jicho baya.

Alipofikishwa kwangu nilimwuliza mama yake, "Katika kaka zako au wajomba zako, kuna aliyewahi kuvuja damu hivi?"

"Kaka yangu mkubwa alifia jandoni," akajibu.

"Mbona hukusema tangu mwanzo, mama?"

"Hakuna aliyeniuliza, daktari. Ila mganga. Yeye ndiye aliyeniuliza, akasema ni koma wa kaka yangu."

Kijana yule ana himofilia, yaani damu yake imepungukiwa na protini ya kugandisha. Aina iliyo ya kawaida zaidi humpata mvulana mmoja katika kila 5,000 hivi wanaozaliwa. Mama hubeba mbegu ya ugonjwa bila kuugua, mwana wa kiume akaugua. Kwa hivyo swali la wajomba si porojo. Ni kipimo, na hakina bei. Si kila mara kitajibu, kwani karibu theluthi ya wenye himofilia hawana historia yoyote katika ukoo, lakini kwa wengi kitajibu.

Mganga alikosea sababu. Lakini alikaa chini, akauliza habari za ukoo mzima, na akasikiliza hadi mwisho. Sisi wenye shahada tuna dakika chache na foleni ndefu nje, nasi tunaona hayo ni mambo ya kizamani. Katika hili, mganga alitushinda.

Adimu kwa nani?

Huko Ulaya ugonjwa huitwa adimu iwapo haumpati zaidi ya mtu 1 katika kila 2,000. Magonjwa ya aina hiyo ni zaidi ya 6,000, na mengi ni ya kurithi na huanza utotoni. Kila mmoja ni mchache, lakini wote pamoja ni umati: hukadiriwa kuwa huwapata watu wasiopungua asilimia 3.5 ya watu wote duniani. Tukikipeleka kipimo hicho katika kaunti ya Kilifi, iliyokuwa na watu 1,453,787 katika hesabu ya 2019, tunapata zaidi ya watu 50,000. Ugonjwa wa kila mmoja wao ni adimu, lakini wao wenyewe si wachache.

Na neno lenyewe hutudanganya. Chukua selimundu, ugonjwa wa kurithi ambao chembe nyekundu za damu hujipinda na kuziba mishipa. Kwa Mzungu ni ugonjwa adimu, na vitabu vingi tulivyosomea viliandikwa na Wazungu. Lakini hapa Kilifi, watoto wachanga zaidi ya 15,000 walipopimwa, walioonekana nao walikuwa karibu 8 katika kila 1,000. Huo si ugonjwa adimu hata kidogo. Hata hivyo nimewaona watoto wenye selimundu waliotibiwa miaka mingi kwa majina ya baridi yabisi, malaria na upungufu wa damu, hadi siku mtu mmoja alipoomba kipimo. Kabla hatujauita ugonjwa wowote adimu, tujiulize kama tumewahi kuutafuta.

Wewe ufanye nini?

Msomaji wa mjini ataniambia, "Daktari, hayo ni ya Marafa. Mimi niko Mombasa, niko Nairobi, nina madaktari mtaa mzima." Ndugu yangu, wewe unaweza kuwa katika hatari zaidi. Bibi wa Marafa alizunguka mahali 4 kwa majuma 5 kwa sababu ya umbali na nauli. Wewe unaweza kuzunguka kliniki 4 kwa siku 5, kila moja ukianza upya, na usibebe hata karatasi moja. Mjini watu hubadilisha daktari kama wanavyobadilisha matatu.

Kwa hivyo nakushauri hivi:

Kwanza, weka daftari moja la matibabu kwa kila mtu wa nyumbani, hasa watoto. Kila dawa, kila kipimo na tarehe yake viandikwe humo, au karatasi zibanwe humo. Usitupe karatasi kwa sababu dawa imekwisha.

Pili, ukirudi mara ya 3 kwa ugonjwa ule ule, sema wazi: "Hii ni mara ya 3." Kisha uliza kwa adabu, "Daktari, linaweza kuwa jambo gani jingine?" Kuuliza si ujinga. Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Tatu, jua habari za ukoo wenu. Waulize wazee walio hai ni nani alikufa mtoto, ni nani alivuja damu, ni nani alidhoofika miguu. Mambo haya tunayafunika kwa aibu au kwa hofu ya koma, na aibu hiyo humfikia mjukuu.

Nne, kuna dalili ambazo hazingoji majuma 2. Uvimbe unaokua kwa siku, hasa wa taya, jicho au tumbo la mtoto. Meno mazima yanayocheza. Damu isiyokoma. Homa inayoendelea baada ya kipimo kukataa malaria. Maumivu ya mifupa yanayorudi kwa mtoto mwenye macho ya manjano. Mtoto aliyekuwa akitembea au kusema na sasa hawezi. Ukiona mojawapo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, na udai jibu, si dawa tu.

Na sisi tufanye nini?

Itakuwa si haki kumtwika mgonjwa mzigo wote. Tabibu aliye peke yake katika zahanati, mwenye wagonjwa 80 mlangoni, hawezi kuwa Burkitt kila asubuhi. Anahitaji mtu wa kumwuliza. Tangu 2013 afya iko mikononi mwa kaunti, na kaunti zimejenga majengo mengi. Mimi naomba kitu rahisi kuliko jengo: katika kila kaunti, daktari bingwa wa zamu ambaye tabibu wa Marafa au wa Baricho anaweza kumpigia simu au kumtumia picha, na akajibiwa siku ile ile. Simu sasa ziko kila mahali. Burkitt alifanya kazi hiyo kwa barua na stempu.

La pili ni barua ya kurudi. Tunampeleka mgonjwa hospitali ya rufaa na hatusikii tena habari zake. Aliyeng'oa meno ya mtoto yule huenda hadi leo hajui kwamba yalikuwa mazima. Mtu asiyeambiwa kosa lake atalirudia kwa nia njema kabisa. Barua ya mistari 3 ingemfundisha kuliko semina ya siku 3 hotelini.

La tatu, vipimo vya nyama na damu visomwe upesi. Sampuli ikikaa majuma kadhaa ikingoja mtaalamu, kwa ugonjwa wa kukua kwa siku ni kana kwamba haikuchukuliwa. Mwezi wa Mei 2025 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio juu ya magonjwa adimu, ukizitaka nchi ziyatie katika mipango yao. Azimio ni jambo jema, lakini halitasoma sampuli ya mtoto wa Magarini.

Mjukuu wa yule bibi alichomwa sindano ya kuchukua sampuli na kuanzishwa dawa katika hospitali ya rufaa. Kabla ya juma la kwanza kwisha, jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Matibabu yaliendelea miezi kadhaa, na nauli ya kwenda na kurudi ilikula mbuzi wote wa bibi. Alipomleta tena kwangu mtoto alikuwa akiulizia shule. Bibi alifungua pindo la leso, akaongeza karatasi mpya juu ya zile za zamani, akalifunga fundo.

Bibi yule hajui kusoma. Lakini katika watu wote waliomhudumia mtoto yule, ni yeye peke yake aliyeihifadhi hadithi nzima. Fanya kama yeye, msomaji wangu. Na ukiingia kwa daktari, fungua fundo lako mezani, useme yote tangu siku ya kwanza.